Mwanangu Anaimba Besi

9 Februari

Kwako kitinda mimba wangu,

Barua hii ikukute umekula na umeketi, maana nakujua, ukiwa peke yako unakula umesimama kama mtu anayesubiri gari. Sisi huku wazima. Dada yako mzima, shemeji yako mzima, watoto wao wanakua mpaka viatu vinawakataa. Presha yangu imetulia. Nesi alinipima juzi akauliza, "Mama, umetumia dawa gani?" Nikamwambia nimesoma barua. Akacheka, akadhani natania.

Dada yako ananigombeza eti kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Lakini nikikupigia unasema sawa mama, haya mama, sawa mama, basi imekwisha. Barua huwezi kuijibu "sawa mama". Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika naweza, na ninachoandika nakisoma mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Barua yako aliniletea mlinzi wa lango la hospitali, akaja nayo mpaka chumba cha kufulia. Niliifungua na sabuni mikononi, karatasi ikalowa pembeni. Nikafika pale uliposema umeanza kwenda kanisani na umejiunga na kwaya. Mwanangu, nilikaa chini, juu ya rundo la mashuka machafu ya wodi ya wanaume. Mwenzangu wa mashine ya kukamua akaja mbio: "Una msiba?" Nikamwambia, "Msiba gani! Mwanangu anaimba kwaya!"

Miaka saba. Tangu siku tuliyomzika baba yako, ukatoka nje katikati ya wimbo ukasema hurudi tena humo, watu wanaimba ili waonekane tu. Miaka saba kila Ijumaa sili chakula cha mchana kwa ajili yako.

Basi Jumapili nikaandikisha jina kwa mzee wa kanisa. Kwetu siku hizi wanaoshuhudia ni watatu tu kwa ibada, maana zamani tulikuwa tunashuhudia mpaka watoto wanalala sakafuni. Nikapata nafasi ya tatu, nyuma ya Mama Haleluya. Unamkumbuka, yule muuza vitambaa asiyemaliza sentensi bila kulitaja neno hilo. Kila Jumapili ana ushuhuda. Safari hii ulikuwa wa jino lililoacha kuuma. Alipokaa mimi nikasimama nikasema, "Mwanangu aliyeondoka kanisani anaimba kwaya!" Kanisa zima likasimama. Mpiga kinanda akaanzisha pambio bila kuambiwa. Na mimi nikamgeukia Mama Haleluya na jino lake, nikamtazama.

Mungu anisamehe, nilimtazama.

Niandikie upesi. Mko wangapi? Unaimba sauti gani? Sare yenu ya rangi gani? Mwalimu ni mtu wa namna gani? Watu wananiuliza, naona haya kusema sijui.

Mimi mama yako, mwenye furaha mpaka mgongo umesahau kuuma.


3 Machi

Shikamoo mama,

Nimefurahi kusikia presha imetulia. Wasalimie dada na shemeji, na hao wenye viatu vidogo uwaambie nitawaletea vingine nikipata likizo. Mimi mzima. Kazi ni nyingi. Tumepata kazi ya mageti ya shule, marefu kuliko karakana yetu, kwa hiyo tunachomelea nje juani. Miwani navaa kama ulivyoniagiza.

Sikujua kama ungelipeleka jambo hili mbele ya kanisa. Nilidhani nimekuandikia wewe.

Kuhusu kwaya, tuko wengi kiasi. Naimba sauti ya chini. Sare ni za kawaida. Mwalimu ni mtu mzuri.

Fundi mkuu ananiita, nakatisha hapa. Mama, acha sasa kufunga siku za Ijumaa. Si umeshapata ulichokuwa unaomba? Na dawa za presha hazitaki tumbo tupu.

Mwanao.


20 Machi

Kwa mwanangu,

Marahaba. Huku ni wazima, ila dada yako ana mafua na anayaona kama ugonjwa mkubwa wa dunia.

"Wengi kiasi" ndio wangapi? "Sare za kawaida" ni rangi gani hiyo? Ulipokuwa shule nikikuuliza mmefundishwa nini ulikuwa unanijibu "mambo", na mpaka leo unanijibu "mambo". Mwalimu wetu wa kwaya ananiuliza kwenu mnaimba sauti ngapi, mimi natikisa kichwa kama mtu anayejua.

Sikia habari. Wamenichagua kiongozi wa akina mama wa maombi! Mimi dobi, ninayenuka dawa ya kung'arisha mashuka. Nimepewa kiti cha mstari wa mbele kabisa, pembeni ya mke wa mchungaji. Miaka yote nilikuwa nakaa kwenye benchi la mlangoni ili nitoke niwahi zamu, sasa wakiniona wananipisha. Juzi niliomba kwa sauti kubwa, maneno yakatoka yamepangana vizuri, mke wa mchungaji akanishika mkono akasema, "Mama, wewe una upako." Siku nzima mkono huo niliuona mwepesi.

Na hilo dogo. Jengo letu jipya litawekwa wakfu Jumapili ya tatu ya Juni. Askofu anakuja, na makanisa ya jirani yote. Mchungaji amesema siku hiyo ushuhuda ni mmoja tu, na ni wa kwangu. Mama Haleluya aliposikia alisema, "Haleluya," lakini alilisema polepole.

Kwa hiyo nahitaji habari kamili. Pamoja na yale maswali manne ya kwanza, naongeza la tano, na hili ndilo kubwa: ile siku Mungu alipokugusa ilikuwaje? Ulikuwa wapi, saa ngapi, ulihisi nini? Niandikie yote, usinionee huruma kwa urefu.

Mama yako, kiongozi (cheka tu).


28 Aprili

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hongera kwa uongozi. Usiache wakusimamishe muda mrefu, miguu yako inavimba.

Nimekusanya majibu ya maswali yako. Kwaya ina watu kumi na tisa, wanawake kumi na mmoja na wanaume wanane. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi, saa kumi na moja jioni, kwenye chumba cha nyuma ya kanisa wanamoweka mabenchi yaliyovunjika. Dirisha moja halifungi, upepo ukiingia karatasi za nyimbo zinaruka, na wanakwaya wanazikimbiza huku wanaendelea kuimba. Wanaimba sauti nne. Sare ni mashati meupe na skafu za bluu shingoni. Mimi ya kwangu bado sijapewa.

Mwalimu kazi yake ni kuzibua mabomba ya maji machafu. Anakuja na mabuti yake, ananawa bombani mara tatu kwa sabuni, ananusa vidole, ndipo anagusa kinanda. Hapendi mchezo. Juzi aliwaambia sauti ya kwanza, "Nyinyi mnaimba kama mnapigwa picha. Nani kawaletea kamera hapa?" Akawarudisha mwanzo mara sita.

Besi tuko watatu. Mmoja askari mstaafu ambaye hasikii vizuri sikio moja, kwa hiyo kila mtu anagombania kukaa upande wa sikio zima. Mwingine kinyozi, mwenye maneno. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo akasema, "Fundi, wewe unaimba kama geti lisilotiwa grisi." Mwalimu akamjibu, "Afadhali yeye analia kama geti. Wewe unalia kama bawaba." Sasa wananiita Geti.

Kuna wimbo mmoja ambao sauti zote zinanyamaza, besi inabaki peke yake kwa maneno machache, halafu wote wanarudi. Maneno hayo bado nayakosea.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Kazi ya shule imeisha, sasa tuna madirisha ya zahanati.

Mwanao.


12 Mei

Mwanangu,

Wazima wote. Mafua ya dada yako yalipona bila askofu.

Barua yako niliisoma kwa sauti chumba cha kufulia, watu wakazima mashine wasikie. Nilipofika kwa yule wa mabomba anayenusa vidole walicheka mpaka mpishi wa hospitali akaja kuuliza kuna nini. Ninyi watu wa Geti mmeshakuwa maarufu hapa!

Lakini mama ni mama. Nikiwa nyumbani nimeisoma tena, polepole. Nimeona mambo mawili. Sare bado hujapewa, na kwaya umeanza tangu Januari. Pili, unasema "wanaimba", "wanakwaya wanakimbiza", halafu chini ndipo unasema "tuko". Na swali langu la tano umeliruka kama mtu anavyoruka shimo la barabarani. Kuna nini? Unaumwa? Wamekukosea? Dada yako anasema, "Mama, mwache mtoto wa watu." Namwambia mtoto wa watu gani, huyu ni wa kwangu.

Ushuhuda wangu naufanyia mazoezi nikiwa kwenye pasi kubwa. Mwanzo ulikuwa mfupi sana, mwenzangu wa mashine akasema askofu hatoki safari yote ile kuja kusikia maneno mawili. Kwa hiyo, kwa kuwa hukuniandikia siku yenyewe, nimeweka ndoto. Nasema uliota mtu mwenye nguo nyeupe anakuita jina mara tatu, ukaamka unalia, asubuhi ukakimbia kanisani. Wewe tangu mtoto unaota sana, haikosi kitu kama hicho uliota. Kama haikuwa mara tatu niambie ni mara ngapi nirekebishe.

Jibu upesi. Siku zinakwenda.

Mama yako.


24 Mei

Mama,

Shikamoo. Wazima huku. Leo nitaandika moja kwa moja, kwa sababu nikizungukazunguka nitaishia kwenye madirisha ya zahanati.

Sikuota. Hakuna mtu mwenye nguo nyeupe. Na ile barua ya Januari ilikuwa uongo. Nilikuwa sijaingia kanisani hata siku moja tangu maziko ya baba.

Dada aliniandikia kwamba presha imekulaza, na bado unafunga Ijumaa na kumeza dawa bila chakula. Akasema, "Kama unaweza kumpa mama furaha yoyote, mpe sasa." Nikaona furaha yako ni moja tu. Nikaandika mstari ule. Nilidhani utausoma, utakula, utalala, yataishia hapo. Sikujua utausimamia mbele ya watu.

Halafu ukaniuliza wangapi, rangi gani. Sikuwa na majibu. Nikaenda Jumatano moja nikasimama nje ya lile dirisha lisilofunga, nikahesabu watu kwa vidole. Nilikuwa na karatasi mfukoni na maswali yako yote. Mwalimu akaniona. Akasema, "Wewe uliye nje, una sauti?" Nikajibu, "Nasubiri mtu." Akasema, "Msubirie ndani, na ukiwa ndani imba." Nikaingia. Tangu hapo nimekuwa nakwenda kila Jumatano, nikirudi chumbani naandika nilichokiona kabla sijasahau, ili nikutumie. Ndiyo maana sare sijapewa. Nimeikataa mara mbili. Niliona siwezi kuvaa skafu ya watu kwa ajili ya barua.

Mimi ndiye niliyesema watu wanaimba ili waonekane. Sasa naimba ili mama yangu asome. Sijui kama kuna tofauti.

Nimeacha kwenda. Tafadhali mama, usisimame mbele ya askofu na jambo hili. Sema unaumwa. Kama aibu ni lazima, ije kwangu, si kwako.

Nisamehe.

Mwanao.


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Najua umekaa zaidi ya mwezi bila kusikia neno langu. Kalamu nilikuwa nayo. Mkono ndio uliokataa.

Barua yako ilichelewa njiani. Ilifika Alhamisi, ushuhuda ukiwa Jumapili. Niliisoma nikaiweka mfuko wa aproni nikarudi kwenye pasi, nikaunguza shuka. Miaka ishirini sijaunguza shuka. Nilikukasirikia mpaka nikaongea peke yangu. Nikasema, huyu mtoto kanivua nguo sokoni.

Ijumaa nikawaza: nani anajua? Wewe uko mbali. Askofu anakuja siku moja anaondoka. Nikasema nitashuhudia kama nilivyopanga, halafu nitatubu Jumatatu. Ndivyo nilivyosema, nakuandikia ukweli. Jumamosi jioni nikasimama mbele ya kioo nijaribu mara ya mwisho. Nikafika kwenye ndoto. Nikasema, "Akaitwa jina mara tatu," na machozi yakanitoka pale pale nilipoyapangia yatoke. Mwanangu, niliogopa. Nilijitazama nikaona mama mmoja analia kwa ndoto aliyoitunga mwenyewe kwenye pasi. Nikasema, kumbe mtu aliyetoka kanisani kwa sababu ya watu kama mimi hakukosea sana.

Jumapili jengo lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Askofu mrefu, mwenye sauti ya pole. Mchungaji akanitaja, "Mama yetu wa maombi!" Makofi. Nikashika maikrofoni, nikasema hivi:

"Mimi niliwaambia mwanangu anaimba kwaya. Alikuwa haimbi. Alinidanganya kwa sababu nilimchosha kwa maombi yangu na magonjwa yangu. Na mimi baadaye nikatunga ndoto niwaambie leo, kwa sababu mlinipigia makofi mara ya kwanza na nikataka tena."

Mchungaji akasogea, akaninong'oneza, "Mama, keti basi." Askofu akasema, "Mwache."

Nikaendelea. Nikasema, "Nilianza kumwombea kwa sababu nampenda. Halafu sijui ilikuwa mwaka gani, nikaanza kumwombea ili na mimi niwe na kitu cha kusimama nacho hapa. Leo sina ushuhuda. Mwanangu hajarudi. Lakini niliondoka nyumbani kuja kumsifu Mungu, na kumsifu naweza hivi hivi, mikono mitupu."

Nikaogopa kurudi kwenye kile kiti cha mbele, nikaogopa kubaki, basi nikaanza kuimba. Unaijua sauti yangu. Mpiga kinanda akanitafuta huku, akanitafuta kule, hakunipata, akaondoa mikono akaikunja. Nikaimba ubeti mzima peke yangu kama mwendawazimu, na nakuambia kweli, kwa mara ya kwanza tangu sikumbuki lini, sikujua nani ananitazama. Nilisahau kuwatazama.

Halafu sauti ikaja kutoka mlangoni, lile benchi langu la zamani. Alikuwa mfagizi wa soko. Halafu mstari wa tatu. Halafu, mwanangu, jengo lote lilipanda! Waliokuwa nje madirishani wakaimba, waliokuwa barabarani wakaimba bila kujua kwa nini. Hakuna kinanda, hakuna aliyeongoza. Tulirudia wimbo huo mpaka askofu akavua miwani akaufuta uso kwa mkono wa joho lake. Nilipoangalia saa tulikuwa tumeimba karibu nusu saa, na hotuba ya askofu ikabaki mfukoni mwake. Alisema tu, "Jengo limeshawekwa wakfu. Mimi nimechelewa."

Baadaye nje nikaona Mama Haleluya anakuja, nikasema haya sasa. Akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Akaniambia sikioni, "Lile jino bado linaniuma." Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye ngazi, wanawake wazima.

Uongozi nimerudisha. Mke wa mchungaji alikataa, mimi nikakataa kukataa kwake. Nimerudi benchi la mlangoni.

Sasa sikiliza vizuri. Nimekusamehe, na wewe unisamehe. Usiende kwaya kwa ajili yangu. Sitakuuliza tena, si rangi, si hesabu, si siku. Niandikie habari za madirisha, nitazisoma zote. Wewe ni mwanangu hata usipoimba.

Mama yako.


21 Julai

Shikamoo mama,

Barua yako niliisomea karakana, nimekaa juu ya fremu ya dirisha ambayo haijapigwa rangi. Nilipofika kwa mpiga kinanda nilicheka kwa sauti. Nilipofika kwenye ile sauti ya mlangoni nikavaa miwani ya kuchomelea, na mashine ilikuwa imezimwa. Fundi mkuu akauliza, "Geti, unachomelea nini hapo?" (Kinyozi alikuja kunitafuta mwezi uliopita, akaacha jina hilo hapa.) Nikamwambia nasoma barua ya mama. Akasema, "Basi soma, kazi haikimbii."

Umeniambia hutauliza tena. Kwa hiyo haya nakuandikia bila kuulizwa.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na ilipokaribia saa kumi na moja jioni nilinawa mikono. Nilishafika nusu ya njia ndipo nikagundua sina karatasi mfukoni. Sikuwa na swali lolote la kujibu. Nikasimama njiani nikajiuliza nakwenda kufanya nini. Sikupata jibu, na miguu haikugeuka.

Nikamwambia mwalimu mbele ya wote, "Nilikuwa nakuja kumtafutia mama habari za kuandika." Kinyozi akasema, "Nilijua! Mtu gani anahesabu wanawake kwa vidole?" Mwalimu hakucheka. Akaniuliza, "Na leo umekuja kutafuta nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Vizuri. Simama pale upande wa sikio zima."

Tukaimba ule wimbo ambao besi inabaki peke yake. Zamani nikifika pale nilikuwa naangalia huku na huku ili nikumbuke cha kukueleza. Safari hii wote wakanyamaza, tukabaki watatu, na yale maneno machache nikayasema yote bila kukosea. Mama, nilikuwa namwambia Yeye. Sikuwa nakuandikia wewe. Baada ya hapo sauti zote zikarudi juu yetu, na nilisimama katikati yake kama nimesimama mvuani baada ya kiangazi kirefu. Mwalimu hakutusimamisha. Ni mara ya kwanza tangu nimjue hakurudisha mtu mwanzo.

Sina ndoto ya kukupa. Saa naijua, lakini kama ndiyo ile uliyoniuliza, sijui. Bado nina maswali mengi kuliko nyimbo, na bado namkumbuka baba kila nikisikia kinanda. Ila Jumapili nilikwenda tena, na nyingine tena.

Sare nimeichukua.

Mwanao, Geti.


10 Agosti

Geti wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Watu wote wazima. Dada yako anakusalimu na anasema sasa uje na hivyo viatu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nilikuwa natembea huku na huku chumbani kama mtu aliyepoteza funguo. Mwenzangu wa mashine ya kukamua aliniona kesho yake akauliza, "Mtoto ameandika nini?" Nikamwambia mzima, wana kazi ya madirisha. Akanitazama. "Mbona unaimba tangu asubuhi?" Nikasema, "Shuka zimetakata."

Jumapili mchungaji akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Wawili walishasimama. Akasema, "Nafasi bado moja." Kanisa lote likageuka mlangoni kunitazama, maana tangu siku ile wananitazama kwa namna nyingine. Mama Haleluya akanifanyia ishara ya mkono, simama, simama. Na barua yako ilikuwa hapa, ndani ya gauni, upande wa moyo, naisikia inakwaruza kila nikivuta pumzi. Ukweli mtupu, hauna ndoto hata moja.

Nikabaki nimekaa. Nafasi ya tatu ikachukuliwa na mzee mmoja aliyempata mbuzi wake.

Halafu tukasimama kuimba. Mwanangu, sikushika maneno, nilikuwa nachukua ya ubeti wa pili naweka kwenye wa kwanza. Niliimba mpaka kitambaa changu cha kichwa kikaanguka chini, na mvi zangu zote nje, na sikuinama kukiokota mpaka wimbo ulipokwisha.

Mama yako, kutoka benchi la mlangoni.